Nilivyopeleka Rambirambi za Barafu

Lina aliniomba niende Kaskazini nikamlete mama yake Toronto. Hiyo ndiyo sababu ya safari yangu, na wale waliosambaza kanisani kwamba mimi Mama Upendo nimekwenda kupiga picha na dubu weupe, habari kamili ni hii hapa. Ninawaandikia nyinyi wa nyumbani Marangu kwa sababu mliniuliza kwenye simu, na simu haikutosha.

Lina ni jirani yangu hapa Crescent Town, Toronto, ghorofa moja na mimi, milango miwili kutoka kwangu. Ni Mwinuiti, wa wale wenyeji wa Kaskazini ya mbali ambao shuleni tulifundishwa kuwaita kwa jina wasilolipenda. Baba Upendo alipofariki, Lina alikuja akaketi sakafuni na sisi siku zote za msiba, ingawa hakuelewa hata wimbo mmoja. Alisaidia kuosha vikombe. Mtu wa namna hiyo akikuomba kitu, huanzi kuuliza maswali mengi.

Shida yake ilikuwa hivi. Mama yake anaishi katika kijiji cha pwani huko juu, ambako bahari huganda majira ya baridi mpaka watu huisafiria kama barabara. Barafu hiyo siku hizi inayeyuka mapema, na kila kiangazi inarudi nyuma zaidi. Mwaka jana kaka mdogo wa Lina, anayeitwa Noa, alizama na pikipiki yake ya theluji mahali ambapo tangu utoto wake barafu ilikuwa ngumu wakati kama huo. Wenzake walimvuta kwa kamba, akapona, pikipiki ikabaki chini ya bahari. Lina akapiga simu akafoka: kwa nini umemwachia aende, kwa nini hamhami huko? Mama yake akamjibu, "Wewe sasa ni mtu wa kusini. Barafu hii haikuhusu." Akakata simu. Tangu siku ile mama na binti hawakusemezana.

"Mimi hanisikilizi," Lina aliniambia. "Wewe ni mtu mzima mwenzake. Mwambie barafu imekwisha. Mwambie chumba kipo."

Akanionyesha hicho chumba. Alikuwa ameweka godoro jipya, bado lina karatasi yake ya nailoni.

Sasa nyinyi mnanijua. Nikiambiwa jambo fulani haliwezekani, miguu inaanza kuniwasha. Jumapili niliwaeleza akina mama wa ibada yetu ya Kiswahili, na nusu yao walitaka kunifungia ndani. Mama Wanjiru, Mkenya mmoja muuguzi mwenye sauti ya mkuu wa shule, aliniambia mbele ya watu wote, "Mama Upendo, jameni, unaenda kufanya nini huko? Si hata hii winter ya Toronto imetushinda? Utapatwa na pneumonia halafu ni mimi nitaitwa!"

Nikamwambia ni kiangazi.

"Kiangazi cha huko ni friji, mama."

Lakini walipoona sibadiliki, wakafanya kile tunachofanya siku zote. Mtu anakwenda kwa watu waliofikwa na jambo zito, hawezi kwenda mikono mitupu. Barafu yao imekufa, tulisema hivyo hivyo, na waliofiwa hupelekewa rambirambi. Wakanifungia vitenge viwili vya nguvu, majani ya chai, sukari, tangawizi ya unga na mchele. Mwanangu Upendo alisimama mlangoni akitazama ninavyokalia sanduku ili lifungike.

"Mum, they have rice up there. Seriously."

"Najua wana mchele. Rambirambi hupelekewi kwa sababu huna."

Akatikisa kichwa. Anaelewa Kiswahili chote, ila kukijibu ndiyo kazi.

Siku ya kuondoka Toronto ilikuwa na joto la kunata, na anga lilikuwa na ukungu wa moshi kutoka kwenye misitu inayoungua mbali huko. Kabla ya kutoka nilimwagilia mmea wangu wa isale dirishani. Wachaga wenzangu mtacheka, lakini hapa masale huuzwa madukani kama pambo la sebuleni, na wanunuzi hawajui wamebeba nini. Nilinunua wa kwangu mwaka nilipofika, nikiwa nimeukumbuka ua wa nyumbani, na sasa umefika darini.

Kutoka Toronto tulikwenda Ottawa, na kutoka Ottawa ndege ilielekea kaskazini moja kwa moja. Kwa muda mrefu chini yetu kulikuwa na misitu na maziwa yasiyohesabika. Kisha miti ikawa mifupi, ikawa michache, halafu ikakoma kabisa, kukabaki mawe na maji na mabaka ya theluji. Nilimuuliza kijana niliyeketi naye miti imekwenda wapi. Akanijibu kwa upole kwamba haijawahi kuwepo.

Iqaluit, mji mkuu wa jimbo lile, una uwanja wa ndege wa rangi ya njano, ukiuona unadhani watoto ndio waliochagua rangi. Pale tulibadilisha ndege tukapanda ndogo ya pangaboi, nusu abiria na nusu mizigo. Mbele yangu palikuwa na maboksi ya maziwa na tairi moja kubwa. Tulipoikaribia pwani ya juu nikaiona bahari yao kwa mara ya kwanza. Ilikuwa nyeupe, lakini nyeupe iliyochoka, yenye madimbwi ya bluu juu yake na mistari myeusi ya nyufa. Mbali zaidi, weupe ulikatika ghafla na maji meusi yakaanza. Nikasema moyoni, kweli mgonjwa huyu hana siku nyingi, na nikajiona nina akili kuleta vitenge.

Kijiji chenyewe sitakitaja jina. Mwenyeji wangu aliniomba hivyo, na sababu zake mtazisikia. Nyumba ni za mbao, zimesimama juu ya nguzo kwa sababu ardhi ya chini imeganda na haipendi kupashwa joto. Noa alikuja kunipokea. Ni mwanaume wa makamo, mkimya, anatabasamu kwa macho tu. Alilibeba sanduku langu begani, akaguna, akauliza kama nimeleta mawe.

Mama yake alikuwa mlangoni. Ni mfupi kuliko mimi, na mnajua mimi nilivyo. Tuliongea Kiingereza, chake kibovu na changu kibovu, kwa hiyo tulielewana vizuri sana. Nikamsalimia nikamwita Mama Lina, kwa desturi yetu. Akanitazama.

"Nina jina langu," alisema.

"Kwetu mwanamke aliyezaa haitwi jina lake hivi hivi."

Akafikiri kidogo. "Na sisi hatuitani majina ovyo. Haya, niite hivyo."

Tulivua viatu, tukaingia, tukanywa chai kali yenye sukari ya kutosha, na mkate wa kukaanga ambao, nawaapia, ni andazi limekosa iliki tu. Nikaona mambo yanakwenda. Nikaona sasa ndiyo saa.

Hapo hapo sebuleni nikafungua sanduku. Nikapanga vitu juu ya meza kama tunavyopanga: vitenge chini, sukari na chai juu, mchele pembeni. Nikasimama. Nikakunja mikono, nikashusha sauti, nikasema kwamba mimi nimetumwa na akina mama wa kanisa letu Toronto, kwamba tumezipokea habari kwa majonzi makubwa, kwamba tuko pamoja nao katika kipindi hiki kigumu, na kwamba hiki kidogo ni cha kuwafuta machozi.

Noa aliacha kutafuna. Mama Lina akaniuliza, "Nani amekufa?"

"Hakuna mtu aliyekufa. Barafu."

Aliinuka polepole, akaenda dirishani, akavuta pazia lote mpaka mwisho. Bahari ikajaa dirishani, nyeupe, na jua linaipiga.

"Ile ni nini?"

"Barafu," nilisema.

"Basi chukua vitu vyako."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alirudi mezani akavisukuma vitenge upande wangu, na sukari, na mchele, kimoja kimoja, bila kufoka. Nikabaki nimesimama, mikono sijui niiweke wapi.

"Wanakuja kila kiangazi," alisema. "Wana kamera. Wananiambia, mama, simama pale, tazama bahari, usitabasamu. Mmoja aliniambia nitazame kama ninaaga. Nikamuuliza, naaga nani? Mimi ninakaa hapa. Nyinyi wa kusini mnachoma mafuta yenu mpaka jua linachemka, halafu mnakuja kulia kwenye nyumba yangu."

"Mimi si mtu wa kusini hiyo," nikajitetea. "Nimetoka Tanzania. Sisi tumechoma nini?"

"Unakaa wapi sasa?"

"Toronto."

"Umekuja na nini?"

"Na ndege."

Akaketi, akaendelea na chai yake.

Nililala vibaya. Kilichoniuma kuliko yote ni kwamba nilikuwa nimemfanyia yeye kitu kile kile ambacho mimi nilikichukia tangu nikiwa msichana. Nyinyi mnakumbuka watalii waliokuwa wakipita kwetu kwenda geti la Mlima Kilimanjaro, wakitusimulia kwamba wamekuja kuiona barafu ya Kibo kabla haijakwisha. Walikuwa wanasema hivyo mbele yetu, tumebeba majani ya ng'ombe, utadhani sisi ni sehemu ya maiti. Mjomba wangu alikuwa anawajibu kwa Kichaga, maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ni kweli barafu ya Kibo imepungua, kila mwenye macho anaona. Lakini sisi tulikuwa hai, tunalima, tunagombania mfereji wa maji. Hakuna aliyetuuliza tunafanya nini. Walitupa pole wakapanda mlima.

Asubuhi nilimkuta Mama Lina jikoni akimkata samaki mwekundu aliyeganda, juu ya kipande cha boksi sakafuni, kwa kisu chao cha kike chenye umbo la nusu mwezi. Nikaketi chini naye. Nikamwambia nimekosa.

"Kwetu," nikasema, "ukimkosea mtu unachuma jani la isale unampelekea. Akishaletewa jani lile, hawezi kukataa kukusamehe, hata awe na hasira kiasi gani. Ningekuletea, lakini..."

"Lakini hapa hakuna mti," akamalizia.

"Hakuna hata mmoja."

Akacheka, mara ya kwanza tangu nifike. Akanikatia kipande cha samaki, kibichi, kinang'aa barafu. Nadhani alitaka kunipima. Nikakila, nikamsimulia habari za kisusio, jinsi tunavyochanganya damu ya mbuzi kwenye supu, akaacha kukata akanisikiliza kwa heshima kubwa. Aliuliza mbuzi ana mafuta kiasi gani.

Kisha akavichukua vitenge vyangu, akavikunjua dirishani, akavivuta kupima uzi.

"Kama rambirambi, sipokei," alisema. "Kama kitambaa, ni kizuri."

Kufika jioni cherehani ilikuwa imenguruma na kitenge cha manjano na zambarau kimekuwa vazi la juu la koti lake la baridi, lenye kofia na ukosi. Wanawake wa huko huvisha makoti yao vitambaa vya maua, kwa hiyo hakubuni jambo geni, lakini nawaambia kijiji kizima kilikuja kutazama. Mchele ulipikwa usiku huo huo.

Siku ya tatu alinitangazia kwamba tunakwenda kwenye barafu. Kwanza nilimsikia Noa kwenye redio ya kijiji. Kila asubuhi ya msimu huu yeye hutoka mapema kupima njia, kisha hutangaza ipi inapitika na ipi imefungwa, na watu hupiga simu redioni kuongeza walichokiona. Nilimuuliza kama alianza kazi hiyo baada ya kuzama. Akasema ndiyo. Sikumwongezea maswali.

Tulipanda sleji, yaani kitanda kirefu cha mbao kinachoburutwa na pikipiki ya theluji. Mimi na Mama Lina tulikaa juu ya ngozi, miguu mbele, Noa akaendesha. Nilitegemea utelezi wa kimya. Hapana. Juu ya barafu kuna madimbwi ya maji ya bluu yanayofika kwenye mbao, na sleji inapita ndani yake ikirusha maji pande zote mbili, huku wewe unajua chini ya dimbwi kuna barafu na chini ya barafu kuna bahari. Niliomba kwa Kichaga, kwa sauti. Mama Lina aliniuliza naimba nini.

Kila baada ya muda Noa alisimama, akashuka, akapiga barafu kwa fimbo ndefu ya chuma. Ikirudisha sauti ngumu, tunaendelea. Penye ufa, sleji ileile ndefu ndiyo inayokuwa daraja. Nilivuka hivyo mara kadhaa nikiwa nimefumba macho, ingawa Mama Lina alinikataza kufumba.

Tulipofika karibu na rasi fulani, Noa alipiga na fimbo ikazama. Akapiga mahali pengine, ikazama. Mbele yetu barafu ilikuwa na rangi ya kijivu, imelowa, na baada yake maji matupu. Ng'ambo kulikuwa na kisiwa.

"Pale ndipo tulipokuwa tunapiga hema wakati kama huu," Mama Lina alisema. "Lina alizaliwa tukiwa pale. Tulirudi kijijini kwa barafu, naye mgongoni kwangu. Sasa kwa wakati kama huu hufiki."

Nikamtazama usoni, na kwa kweli ilikuwepo huzuni, sitawadanganya. Lakini hakunipa nafasi ya kusema pole. Aliteremsha jiko dogo la mafuta akatangaza kwamba tunakunywa chai hapo hapo, na kwamba haondoki mpaka birika liishe. Nikawasha jiko mimi, kwa sababu kukaa bure kuliniogopesha zaidi.

Noa ndiye aliyenieleza maji yale meusi yanavyofanya. Barafu nyeupe hulirudisha jua lilikotoka. Maji meusi hulimeza, yakapata joto, yakala barafu ya pembeni, yakazidi kuwa meusi. Nikamwambia hilo nalijua kwa mabati: bati jipya linalong'aa unaweza kukaa chini yake mchana, ukilipaka lami unaiva. Akasema ndiyo, ni hivyo, ila hapa hakuna mtu aliyepaka. Mama yake akamrekebisha. "Wapo waliopaka. Ni vile tu hawako hapa."

Hapo nikatoa nilichotumwa. Nilikuwa nimekichelewesha kiasi cha kutosha.

"Lina amekutengenezea chumba," nikasema. "Kina godoro jipya."

"Kina dirisha?"

"Kina."

"Linaangalia nini?"

Nikafikiri kusema uongo. "Maegesho ya magari."

Alicheka mpaka akamwaga chai kwenye kitenge. Alipomaliza kujifuta, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Sikiliza, Mama Upendo. Meli zinapita pale nje sasa, meli kubwa, miezi ambayo zamani hazikuthubutu. Siku moja watu watakuja na ramani waseme hapa palikuwa maji matupu tangu zamani, ni njia ya meli, hapakuwa na mtu. Nataka wanikute nimekaa hapa. Nani atawaambia ni waongo, kama wote tumehamia kuangalia magari?"

"Lakini ni hatari. Noa alikaribia kufa."

"Noa yuko pale anakunywa chai. Nilimlilia mwaka mzima akiwa haoni, usinifundishe hatari." Akajimiminia chai. "Na msiende kusema Toronto kwamba tunazoea. Nawasikia kwenye televisheni, eti watu wa Kaskazini wanazoea. Hatuzoei. Tunakataa. Tunapima njia kila siku na tunakataa."

Nikapatwa na hasira na furaha kwa pamoja. Nilitaka mjomba wangu awepo amsikie. Nilimwambia hivyo, nikamsimulia habari za Kibo na wale watalii, na alinilazimisha kumtafsiria yale maneno ya mjomba. Niliyatafsiri. Noa akageuka kando kuficha kicheko.

Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda. Ufa mmoja tuliouvuka ulikuwa umepanuka, na Noa alizunguka kwa muda akitafuta mahali. Mama Lina alinishika mkono wakati wote. Pua ya sleji iligusa upande wa pili, mkia ukazama kidogo, baridi ikaingia kwenye viatu vyangu, kisha tukavutwa. Safari hii sikufumba macho. Nilitaka niione.

Asubuhi ya kuondoka, upepo ulikuwa umegeuka na ule mstari wa maji meusi ulikuwa umesogea karibu na kijiji. Watu walikuwa ufukweni wakizitazama boti zao, Noa akiwemo, amepakaza gundi kwenye boti aliyoipata kwa mtu. Barafu ikikatika, anatoka kwa boti. Mama Lina alinisindikiza hadi uwanjani amevaa koti la kitenge.

"Siji Toronto," alisema. "Mwambie hivyo wazi, usilizungushe."

"Nitamwambia."

"Lile jani lenu. Unalo nyumbani?"

"Mti mzima ninao, umefika darini."

Akatazama ndege, si mimi. "Lile neno nililomwambia, kwamba barafu hii haimhusu. Lilikuwa baya. Alizaliwa pale ng'ambo. Mpelekee jani. Kwa kukaa hapa simwombi radhi. Ni kwa neno lile tu."

Nikaahidi. Nyumbani mtu hatumwi isale na mtu asiye Mchaga, na sijui wazee wangesema nini. Sikuwauliza.

Toronto nilikuta joto lilelile na moshi uleule. Nilipanda lifti na sanduku jepesi, nikafungua mlango, na kabla ya kuvua viatu nikaenda dirishani nikachuma jani moja refu, lisilo na doa. Nikalipangusa vumbi. Kisha nikaenda milango miwili mbele nikabisha.

Lina alifungua kwa haraka. Akanitazama, akatazama nyuma yangu, akatafuta sanduku la mama yake ambalo halikuwepo, na akaelewa.

"Umerudi peke yako," alisema. "Uliniahidi."

"Nilikuahidi kwenda. Nimekwenda. Haji, Lina. Hatakuja."

"Atakufa kule!"

"Anaishi kule."

Alitaka kufunga mlango, nami nikauzuia kwa mguu, pamoja na utu uzima wangu. Nikalinyanyua jani kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, nikamweleza ni nini, limetoka kwa nani, na ni kwa ajili ya neno lipi. Nikalirudia lile neno kama mama yake alivyolisema, na niliposema "alizaliwa pale ng'ambo" Lina akauachia mlango.

"Na kama silitaki?"

"Huwezi kulikataa. Ndiyo sheria yake."

"Mimi si Mchaga."

"Mama yako pia si Mchaga, na amelituma."

Alilichukua. Akalishika hivi kama mtu aliyepewa samaki aliye hai. Akaingia chumbani akaketi kwenye lile godoro jipya lenye nailoni, jani mapajani, akalia kwa sauti, nami nilikaa pembeni yake sikumnyamazisha. Kisha akachukua simu.

Niliyojifunza ni machache, na ninayasema kwa wale waliouliza. Barafu ya kiangazi kule inapungua kwa kasi, nimeikanyaga inapungua, na tunaopika joto hili tunajulikana, mimi nikiwemo na tiketi yangu ya ndege. Lakini pole ikiwahi kabla ya kifo, inamsaidia anayeua. Sitampa tena mtu pole kwa kitu ambacho bado anakipigania. Nitamuuliza anahitaji nini, na nitawauliza wanaochoma wanaacha lini.

Kwenye simu mama na binti walianza kwa kunong'ona. Baada ya muda wakapandisha sauti, kwa lugha yao, na Lina akasimama akawa anazunguka chumba huku akipunga jani hewani. Walikuwa wanagombana. Nilisikia jina la Noa, nikasikia jina langu, nikasikia Lina akicheka katikati ya kufoka. Nikaenda jikoni nikabandika chai. Nilipokuwa natafuta sukari, Lina alichungulia mlangoni amefunika simu kwa kiganja.

"Anauliza kama akina mama wa kanisani kwenu bado wanalia."

"Mwambie," nikasema, "Jumapili nasimama mwenyewe kuwanyamazisha."